Samaki wa Jumapili ya Mavuno

Kazi yangu ni kusaga bongo za samaki. Zamani nilikuwa nikiulizwa harusini ninafanya nini, nikijibu hivyo, watu wanasogeza sahani zao mbali na yangu. Siku hizi nasema tu kwamba niko maabara, na wengi hudhani napima malaria. Maabara yetu iko Ruiru, chumba cha chini chenye friji mbili zinazonguruma, matangi ya samaki upande mmoja na makasha ya udongo wenye minyoo upande wa pili. Tunaletewa samaki waliovuliwa mitoni na minyoo waliochimbwa mashambani, nasi tunaangalia kemikali zimewafanya nini mwilini.

Ninachopima zaidi ni kimeng'enya kimoja chenye jina refu ambalo sitamsumbua mtu nalo. Neva ikitaka msuli ujikaze huutumia ujumbe, na ujumbe ukishafika lazima ufutwe upesi ili msuli ulegee tena. Kimeng'enya hiki ndicho kinachofuta. Dawa nyingi za kuua wadudu zimetengenezwa kukizuia kisifanye kazi, ndiyo maana kiwavi akipuliziwa hutetemeka mpaka akafa. Tatizo ni kwamba kiwavi hana hakimiliki ya kimeng'enya hicho. Samaki anacho, mnyoo anacho, kuku anacho, na mimi ninacho. Samaki aliyepatwa huogelea kiubavu, anajipiga, anasahau kukimbia kivuli cha mtu. Mnyoo hutoka ardhini mchana kweupe akijisokota juu ya udongo mkavu, mahali ambapo mnyoo mwenye akili zake hawezi kwenda.

Nimeeleza hayo ili ijulikane kwamba siku ile kule Ngoliba sikuwa nabahatisha.

Mama yangu anaishi Ngoliba, kwenye kipande cha shamba kinachoteremka hadi mtoni. Ni mjane. Analima nyanya, sukuma wiki na mishiri, yale maharagwe mabichi ya kupelekwa ng'ambo, na halimi peke yake. Yeye na wanawake wenzake wa kanisani hulimiana kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na hata dawa huipiga pamoja, kila mmoja na pampu yake mgongoni. Hawapigi dawa moja. Wanachanganya mbili au tatu kwenye pampu moja kwa sababu wanasema wadudu wa siku hizi wamezoea, na kusema kweli wadudu wamezoea. Glavu hawavai. Ukiwaambia juu ya glavu wanakuuliza kama umewahi kuchuma nyanya kwenye jua la Ngoliba.

Kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi, mama huniita maitu, yaani mama. Watu wengine huona jambo hilo linapendeza. Mimi linanitatiza, maana hunitii kama mama na bado hunikemea kama mtoto.

Jambo lingine la kueleza ni samaki. Mama alizaliwa katika watu waliomwona samaki ni jamaa ya nyoka. Nyanya yangu alikuwa hawezi hata kukaa jikoni samaki akikaangwa. Mama mwenyewe alianza kula samaki akiwa mtu mzima, na kama wote wanaochelewa kuokoka, akazidisha. Kwa hiyo kuwa na samaki wengi wa bure, kwake, lilikuwa jambo kubwa.

Jumamosi ya kabla ya mavuno ya kanisa nilifika nyumbani alasiri. Mama alinipokea langoni, mikono imelowa, uso unang'aa.

"Maitu, kuja uone vile Mungu amefanya!"

Nyuma ya jikoni palikuwa na beseni kubwa la kufulia, limejaa kambare na tilapia, wengi wao bado wazima. Mwenyekiti wa kikundi chao, jirani yetu, mwanamke mwenye sauti ya kuongoza maandamano, alikuwa amechutama hapo na kisu akiwapasua.

"Mmewatoa wapi?" niliuliza.

"Wamejileta!" mama alisema. "Tulikuwa tunaosha pampu kwa mto, tukaenda kupumzika kidogo, kurudi tukapata wamekuja mpaka kwa ukingo. Na hawatoroki. Ni kuokota tu, kama viazi."

Nilichutama nikatazama. Tilapia mmoja alikuwa amelala ubavu juu ya maji, mapezi yakitetemeka bila kumpeleka popote, mdomo wazi. Nilipitisha kiganja juu yake, akabaki vile vile. Kambare aliyekuwa chini yake alijikunja nusu duara na hakujikunjua. Nyuso zile naziona kazini kila wiki.

Nikauliza kwa nini pampu zilioshwa. Mama alinishangaa. Jumapili ya mavuno kwao si ya mahindi na kuku peke yake. Kila mtu hupeleka mbele chombo anachotafutia riziki ili kiombewe. Fundi wa nguo hupeleka makasi, wa boda boda husukuma pikipiki yake mpaka mlangoni, na kikundi cha mama hupeleka pampu. Sasa nani atapeleka pampu chafu mbele ya Mungu? Kwa hiyo walishuka nazo zote mtoni asubuhi, wakamwaga dawa iliyobaki, wakasugua ndani kwa mchanga na sabuni, wakasuuza na chupa za dawa. Mtoni, kwa sababu maji yanayokwenda, walivyoamini wao, hayakai na uchafu.

"Mama," nikasema, "hawa samaki wamekula dawa ya pampu zenu. Msiwale."

"Wamekula aje na bado wanaruka?"

"Hawaruki. Wanatetemeka."

Mwenyekiti alicheka, akafuta kisu kwenye leso. "Masomo nayo! Mtoto wa watu hawezi kuona samaki bila kuona ugonjwa."

Nilieleza neva, nikaeleza msuli, nikaeleza ujumbe usiofutwa. Mama alinisikiliza kama anavyosikiliza matangazo ya redio akisubiri habari za vifo. Nilipomaliza aliniambia kwa upole kwamba samaki wale walikwisha kuahidiwa kanisa, na nisimwaibishe kesho. Mwenyekiti akajitwika beseni akaenda nalo kwake, kuwapaka chumvi huko. Nilichofanikiwa kuokoa ni tilapia mmoja, niliyemtia kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu kutoka duka la soda. Nilimwambia mama nampeleka kazini. Alifurahi.

"Haya, wapelekee wenzako baraka."

Nina hasira za karibu, na usiku huo sikulala. Lakini kulikuwa na kitu kibaya kuliko hasira. Sikuwa na hakika ya jambo moja. Nilijua samaki wamepatwa, lakini mtu akila mmoja atapata nini? Labda tumbo litamsokota. Labda hatapata chochote. Labda ataanguka. Hiyo haisomeki kwa macho, na moto wa jikoni hauondoi kila kitu. Nilichotaka ni mama yangu asiweke samaki wale mdomoni, wala asimlishe mtu mwingine kwa mkono wake, na sikuwa na cha kumwonyesha ila macho yangu.

Kesho yake pampu zilipangwa mbele ya madhabahu, za buluu na za manjano, zimesuguliwa zikameremeta. Mchungaji alizipitia moja moja akiziwekea mkono, akiomba zilete chakula na amani katika nyumba. Mama alikuwa amesimama nyuma ya yake, macho amefumba, midomo inaenda. Nilitaka kucheka, halafu nikaona nitalia, nikainama nikajifanya natafuta wimbo kitabuni.

Ibada ilipokwisha ukaja mnada. Shemasi mmoja mchekeshaji aliuza malenge, akauza jogoo, akauza ndizi, kisha akainua beseni la samaki kwa mikono miwili.

"Hii ni ya Galilaya! Nani anasema?"

Nikasema mimi. Sijawahi kununua kitu mnadani, mimi ni yule wa kukaa nyuma karibu na mlango, kwa hiyo kanisa zima liligeuka na kupiga makofi. Mpango wangu ulikuwa rahisi: niwanunue, niwafukie, niseme wameharibikia njiani. Lakini kulikuwa na mgeni, bwana mmoja aliyekulia hapo na sasa ana biashara Thika mjini, amekaa viti vya mbele na mkewe. Akapandisha. Nikapandisha. Alidhani namtania. Kila nilipoinua mkono aligeuka akanipungia, akapandisha tena, na watu wakashangilia kama mpira, mpaka nikafika mahali ambapo mshahara wangu ulinyamaza.

Akapewa samaki. Akasimama, akafunga vifungo vya koti, akasema hawapeleki Thika. Alikumbuka jinsi mama yangu alivyomlisha alipokuwa mwanafunzi, akipita kwetu akitoka shule. Akasema samaki wale ni wa huyo mama, arudi nao nyumbani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama alikwenda mbele akicheza, beseni kichwani, na machozi yakimtoka.

Desturi ya pale ni kwamba kitu ukipewa mbele ya madhabahu hukiuzi tena wala hukiweki. Unakipika siku hiyo hiyo, na aliyekupa anaalikwa kula. Saa saba hivi bwana yule na mkewe walikuwa wamekaa kwenye viti vyetu vya plastiki chini ya paa la varanda, mchungaji karibu nao, na jikoni wanawake wa kikundi walikuwa wamejaa. Mafuta yalikuwa yameanza kutoa moshi.

Nilisimama mlangoni. Sikupanga maneno.

"Samaki hawa wana sumu," nikasema. "Ni ile mlimwaga jana mkiosha pampu. Mkiwapa wageni, mtakuwa mmewapa mkijua, kwa sababu nimewaambia."

Mwenyekiti ndiye aliyejibu kwanza, na safari hii hakucheka.

"Miaka yote ni viwanda. Maji ikibadilika rangi, ni Thika. Ng'ombe ikitupa ndama, ni Thika. Hata wewe umekuwa ukisema hivyo. Leo ndio imekuwa ni sisi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Uchafu wa mji unashuka hadi kwao kila siku, nimeupima, na hakuna aliyewahi kuja kuwaomba radhi. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia uchafu wa mji upo, ila huu wa jana haukutoka mjini.

"Una hakika?" mama akauliza. Alikuwa ameshika mwiko na hakunitazama.

"Naweza kukosea."

Nilijilaumu papo hapo. Mtu mwenye busara angedanganya. Lakini kazini tumefundishwa kusema hivyo, na limekuwa kama kikohozi. Mama aliendelea kutazama mafuta. Kisha aliinua karai kutoka motoni kwa kitambaa, akaliweka chini, akamwambia mmoja wao akamshike jogoo wetu mweupe.

Wageni walikula kuku. Mama aliwaambia kwamba samaki walikuwa wamelala, kwamba yeye hakuwatunza vizuri, na kwamba anawaomba msamaha. Mwanamke anayesifiwa usafi eneo zima alisema hivyo mbele ya mchungaji wake. Bwana yule alijibu kwa heshima, lakini nilimwona mkewe akitazama kikombe chake cha chai kabla ya kunywa. Walipoondoka, mama alichimba shimo nyuma ya choo akawafukia samaki wote mwenyewe. Nilipotaka kumsaidia aliniambia nitachafua viatu vyangu vya maabara. Jioni nilimuaga akaitikia kwa kichwa. Siku zote hunifungia kitu, nduma au maparachichi. Siku hiyo nilitoka mikono mitupu, na chupa ya barafu ndani ya mkoba.

Jumatatu nilifika kazini kabla ya wengine. Nilimpasua yule tilapia kichwa, nikatoa ubongo, nao si mkubwa, unatosha kwenye ncha ya kijiko cha chai. Niliusaga kwenye maji baridi ya chumvi, nikafanya vivyo hivyo kwa samaki mzima kutoka tangi letu. Kipimo chenyewe ni cha rangi. Unaweka majimaji ya ubongo kwenye kichupa, unaongeza dawa ya kupimia, na kama kimeng'enya kinafanya kazi, rangi ya manjano huanza kuja yenyewe, polepole, kama chai ya rangi inavyokolea.

Kichupa cha samaki wetu kilianza kuwa cha manjano nikiwa bado nakitikisa. Cha samaki wa Ngoliba kilikaa cheupe. Nilikitazama mpaka macho yakaniwasha. Nikarudia kipimo, nikarudia tena, kwa vichupa vipya, nikiomba, ndiyo, niliomba, rangi ije. Nilikuwa nimemwaibisha mama yangu na nilikuwa sijakosea, na sikuona raha yoyote. Mashine ilisoma kiasi kidogo sana, kile ambacho kwenye ripoti tunakiita kuzuiwa kukubwa.

Nilimpigia simu, hakushika. Nikampigia kesho yake. Nikamtumia ujumbe, nikafuta nusu, nikaandika tu kwamba nimepima na ni kweli, na kwamba mtoni wasioshe tena, wachimbe shimo mbali na maji. Kimya. Nilipompigia jirani mwingine aliniambia mama ni mzima, ila hata kwa kikundi haongei sana.

Siku hizo niliishi vibaya. Nilikuwa nikilisha minyoo kwenye makasha na kuwaza shamba la kwetu, lile tulilokuwa tukichimba tukiwa wadogo na kila jembe linatoka na minyoo wanene. Msimu uliopita nilikuwa nimemsaidia mama kupanda na kumbe tulimaliza mstari mzima bila kumwona hata mmoja. Udongo ulikuwa mgumu, umekaa tu. Wakati ule nilisema ni jua.

Halafu jioni moja, nikiwa nimetoka kazini, mlango wangu ukabishwa. Ninaishi Mwihoko, kwenye nyumba za kupanga za ghorofa, zilizobanana mpaka unasikia jirani akikoroga uji. Mama hapapendi. Husema watu wamewekwa kwenye rafu. Tangu nihamie alikuwa amekuja mara moja, akakaa ukingoni mwa kiti mpaka saa ya kuondoka. Sasa alikuwa mlangoni na sweta yake ya kanisa, akihema kwa sababu ya ngazi.

Nilimkaribisha, nikaweka maji ya chai. Akasema hataki chai. Akakaa, mkoba mapajani.

"Maitu, ile mashine yako," alisema, "inapima samaki peke yake?"

"Yetu ndiyo. Lakini mtu anaweza kupimwa hospitali. Kwa damu. Ni kitu kile kile."

Aliitikia kwa kichwa, akafungua mkoba, akaufunga.

"Tukipiga dawa," akasema, "mimi huona ukungu. Jioni yake. Siwezi tunga uzi kwa sindano. Mate inajaa mdomo mpaka natema kama mama mjamzito. Na kifua kinabana. Nikilala inapungua, kesho nasikia tu nimechoka."

Nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi. Nikamuuliza jambo hilo limeanza lini. Akasema ni zamani, misimu mingi.

"Na hukuniambia?"

"Nilifikiria ni uzee." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya mavuno. "Sisi wote tuko hivyo. Tukimaliza kupiga tunakaa chini ya mti tunachekana. Huyu anadondosha mate, huyu mguu inamrukaruka. Tunaambiana, wewe sasa umekuwa nyanya kweli. Mwenyekiti ndiye hucheka sana, na yeye ndiye amezidi."

Miaka yote nilikuwa nimekaa Ruiru nikiwahesabia samaki pumzi, na mambo haya haya yalikuwa yakitendeka kwa mama yangu kila zamu ya kupiga dawa, na walikuwa wameyafanyia mzaha. Niliweka sufuria chini. Nilimwambia kesho asubuhi nitaomba ruhusa kazini twende hospitali, damu itolewe, na mpaka majibu yatoke asiguse pampu. Nilitegemea abishane. Hakubishana. Alikuwa akikunja na kukunjua pembe ya kitambaa chake cha kichwa.

"Hospitali wanapima mtu mmoja tu?" akauliza.

"Kwa nini?"

"Sijakuja peke yangu."

Nilikwenda dirishani. Chini, kando ya geti, karibu na duka la mitungi ya gesi, kikundi kizima kilikuwa kimesimama, wamevaa kama wanaokwenda kanisani, kila mmoja ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Watu wa Mwihoko walikuwa wakipita kwa kuwazunguka. Mwenyekiti alikuwa ameinua uso akitafuta dirisha letu kati ya madirisha yote yale, na hakuliona.

"Wameogopa kupanda," mama alisema nyuma yangu. "Walisema utawacheka."

Nilifungua mlango kwenda kuwaita, na nililia ngazi zote mpaka chini.